Kosa la Ivor

Mkataba ulisema: nyimbo kumi na moja, wageni sita,
chai isiyokatika, na gari la kumrudisha Wilf nyumbani
kabla ya saa tatu usiku, kwa ajili ya dawa zake.
Ndivyo tulivyorudi kuwa bendi.

Studio ni karakana ya zamani ya matandiko ya farasi, Walsall.
Ngozi haipo tena, harufu imegoma kuhama.
Ngazi kumi na nne; nilizihesabu kwa goti la kushoto.
Bytheway alifika na sauti yake ndani ya skafu
kama mtu abebaye yai.
Wilf, nyonga mpya, fimbo za ngoma zilezile.
Mimi na besi yangu, nzito kuliko nilivyoiacha.
Kiti kimoja hatukukigusa.
Fundi mitambo, kijana asiyejua, akatupia koti lake juu yake
na hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Wakaja.
Delbert kutoka Tulsa, pete vidole vyote,
akapiga kana kwamba analipwa kwa noti.
Torben wa Aarhus alitoa tatu tu kwa dakika nzima
na zote tatu zikatuuma.
Yule wa Croydon, tuliyemchukia mwaka wa sabini na tatu
kwa shati lake na kwa wembamba wake,
alilia kidogo akikaza nyuzi, akasingizia vumbi.
Tukapona? Wilf alipona Jumanne.
Jumatano alilala kwenye sofa, mdomo wazi,
tukaurekodi mkoromo wake. Upo, wimbo wa nne, tega sikio.

Alhamisi akaja Kirandeep, wa Smethwick,
miaka ishirini na mitatu, viatu vya mvua,
gitaa ndani ya mfuko wenye nembo
ya duka la mazulia la mjomba wake.
Tukampa wimbo ule. Ule mmoja
unaonilipia kodi ya nyumba hadi leo.

Sasa nieleze.
Sabini na moja, saa tisa usiku, pesa ya studio imekwisha,
Ivor Tranter alijikata kidole akifungua kopo la dagaa.
Akapiga solo na kitambaa kidoleni,
na penye kilele, pale uzi ulipotakiwa kupanda,
kidole kikateleza nusu hatua chini.
Nilisema papo hapo: kosa hilo.
Mwenye studio akazima taa.
Santuri ikatoka nalo
na watu wakalipenda kuliko walivyotupenda sisi.

Miaka saba Ivor alijaribu kulisahihisha jukwaani.
Leeds, Bremen, Hull: kila usiku alipiga ilivyo sahihi,
na kila usiku ukumbi ukapoa kama supu.
Nami nyuma yake nikitabasamu. Nakiri.
Tabasamu hilo ndilo lililovunja bendi,
si wanawake, si pesa, waandishi waandike wapendavyo.

Kirandeep akafumba macho.
Akapanda, akafika kileleni,
akateleza.
Nusu hatua, pamoja na ule mshtuko mdogo:
jeraha la dagaa, juu ya kidole kizima.

Wilf akaacha kupiga.
“Nimekosea?”
Nani kakufundisha?
Baba. Na baba? Kaseti, ndani ya lori lake,
akiirudisha nyuma kwa kalamu, tena na tena, hadi aipate.

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Miaka hamsini umekuwa tayari.
Nikasema: Piga tena. Hivyohivyo.

Na ilipokaribia, mkono wangu wa kushoto,
wenye baridi yabisi, usioniuliza neno siku hizi,
ukaifuata chini.
Nusu hatua ya besi. Basi.
Noti ikakaa pale kama mtu aliyevutiwa kiti.
Ingewezekana tangu usiku ule.
Ingenigharimu kidole kimoja.

Fundi akasema kutoka nyuma ya kioo: safi, turudie kwa usalama?
Hakuna aliyemjibu.
Wilf alikuwa anatafuta miwani aangalie saa,
nayo ilikuwa saa tatu na robo.